Upande Huu wa Waya

Alhamisi, 6 Juni

Lori limefika kabla ya saa sita. Maajabu! Dereva kashuka, kajinyoosha mgongo, eti leo barabara imemwonea huruma. Unga, mchele, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia. Sukari hakuna. Nimemuuliza sukari iko wapi, akaniambia nikamuulize mwenye kiwanda. Mtu huyu kila swali ana mtu wa kulijibu, ila si yeye.

Nimevusha mzigo peke yangu, kama kawaida. Gunia linaingia sandukuni, nazungusha winchi, sanduku linateleza kwenye waya juu ya korongo mpaka ng'ambo. Wanapakua, wanatia mawe, wanapepea kitambaa cheupe, navuta. Mawe ni lazima — sanduku likirudi tupu upepo unalibembeza mpaka waya unaruka kwenye kapi, halafu ni kazi ya siku nzima kuunasua. Kwa hiyo mimi napeleka unga, narudishiwa mawe. Biashara gani hii! Mbele ya ghala nimeshajenga baraza zima kwa mawe ya nyumbani. Jioni nalikalia.

Mwanangu Chiriku alikuwepo. Nilimwona mgongoni mwa mdogo wangu, na lile sweta lake jekundu. Nikampungia mkono, akapunga. Au mdogo wangu ndiye aliyemshika mkono akaupunga — kutoka huku huwezi kujua. Nimemwekea biskuti zake juu ya gunia la mwisho.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna lori, hakuna mtu. Nimefua. Nimefagia ghala mara mbili, ya pili bila sababu yoyote. Nimemfukuza paka wa jirani, halafu nikakumbuka sina jirani. Ni paka tu. Nikamwita arudi, akakataa.

Wakati mwingine nacheka. Nilikuja huku kwa siku moja! Ilikuwa zamu yangu. Kila wiki nyumba moja ilikuwa ikitoa mtu wa kuvuka daraja, kupokea mzigo na kuulinda mpaka wote ubebwe. Nikamwacha Chiriku kwa mdogo wangu, alale kwake usiku mmoja. Nilikuwa nimemwachisha ziwa mwezi ule. Mvua ikanyesha milimani, asubuhi natoka kupiga mswaki — daraja halipo. Bahati ule waya wa zamani wa kuvushia mbao ulibaki. Mwenyekiti wetu akanitumia maneno kwenye sanduku la kwanza kabisa: vumilia kidogo, tunashughulikia. Kidogo! Mtoto aliyekuwa akilonga mchana kutwa maneno asiyoyaelewa hata yeye, ndiyo maana tukamwita Chiriku, sasa ana miaka mitatu na nasikia anazungumza kama karani. Nasikia. Mimi mwenyewe sijamsikia.

Baba yake aliondoka kutafuta kazi kabla mtoto hajaota jino. Bado anaitafuta.

Iko njia ya kuzunguka, kivuko cha mawe huko juu, lakini hicho kinavukika maji yakipungua tu, na ni mwendo wa siku kadhaa. Na nikienda, nani apokee mzigo? Wenzangu wote wako ng'ambo. Dereva hashushi hata kiberiti bila mpokeaji. Amri ya tajiri wake: hakuna mtu, geuza lori. Mwaka mmoja, mtu wa zamu alilewa akalala, na dereva akageuza kweli. Watu walikula mbegu walizoweka za kupanda.

Basi tena.

Alhamisi, 13 Juni

Lori halikuja.

Ijumaa, 14 Juni

Limekuja leo, gurudumu la nyuma limefungwa kamba kama mtu mwenye jino bovu. Dereva atalala hapa mpaka asubuhi. Nimepika wali na maharage, nikapika mengi kama vile nina wageni kumi, tukala barazani. Nimezungumza! Nimemsimulia kila kitu. Paka, winchi inavyolia, ndoto zangu, hata bei ya sabuni ambayo yeye ndiye aliyeniambia. Alisikiliza weee, mwisho akaweka kijiko chini.

"Mama Duka, wewe ukipata msikilizaji unalipiza kisasi."

Tulicheka. Yeye ndiye aliyenibandika hilo jina. Sasa hata wa ng'ambo wananiandikia hivyo kwenye vikaratasi vyao: Mama Duka tunaomba chumvi, Mama Duka viberiti vimelowa. Mwanzoni ulikuwa utani. Duka lenyewe si langu, la kijiji kizima.

Amekwenda kulala ndani ya lori. Mimi nimekaa nikitazama sahani mbili. Mpweke. Haya, nimeliandika.

Alhamisi, 27 Juni

Chiriku leo alikuwa amesimama mwenyewe, chini, miguu yake miwili. Nilizungusha winchi kwa nguvu za ajabu, kama naye angefika na sanduku. Nilipunga. Alikuwa anashughulika na mbuzi. Mdogo wangu akamgeuza huku, akatazama kidogo, akarudi kwa mbuzi wake.

Mbuzi ana haki. Yuko karibu.

Kwenye oda mdogo wangu kaandika pembeni: mtoto mzima, ila hana viatu, vya zamani vimempasukia. Nikamwambia dereva Alhamisi ijayo aniletee viatu vya mtoto. Akauliza namba ngapi. Sijui. Akasema basi nionyeshe kwa mkono. Nikanyoosha vidole, nikavikunja, nikavinyoosha tena. Nikamwambia leta hivyo hivyo, kiasi hiki. Nikaingia ghalani nikajifanya napanga mabati ya mafuta.

Alhamisi, 4 Julai

Viatu vimekuja. Vyeusi, vina kifungo cha pembeni. Nimevipangusa ingawa ni vipya. Nimevivusha ndani ya gunia la mchele ili visipate unyevu, na biskuti pembeni.

Kikaratasi kikarudi na mawe: dada, havimwingii hata kidole. Amempa mtoto wa fundi cherehani.

Amekua, ndiyo maana yake. Nifurahi. Nafurahi.

Jumanne, 9 Julai

Mto umepungua! Mawe meusi yaliyo chini ya korongo yanaonekana, hayajaonekana tangu nije. Kivuko cha juu lazima kinavukika. Alhamisi dereva akileta mzigo nitamshika vizuri nimuulize ratiba yake.

Alhamisi, 11 Julai

Nusu mzigo tu. Unga hakuna kabisa. Dereva anasema lori linaingia gereji, hatakuja wiki ijayo wala pengine ile nyingine. Nikajizuia nisiruke. Watu wanapata habari mbaya, mimi nataka kucheza ngoma! Nimevusha kilichokuwepo na kikaratasi: lori bovu, tumieni kidogo kidogo. Sikuandika kwamba naja. Nataka nitokee tu mlangoni. Nimwone atafanya uso gani.

Nimechemsha viazi vya njiani. Paka nimemwachia samaki mkavu, amehamia ndani mwenyewe siku hizi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeondoka alfajiri. Nimerudi kabla ya jua kuchwa. Ngoja niandike nilivyoona, labda nitalala.

Kufika mchana nilikuwa kule juu kwenye kilima, mahali unapoweza kuona ghala likiwa dogo kama sanduku la sabuni, na barabara yote mpaka kona ya mbali. Nilikaa nile kiazi. Miguu inauma lakini moyo mwepesi — nilikuwa naimba, mimi! Ndipo niliposikia honi. Nikadhani masikio. Ikapigwa tena, ikarudi mara mbili milimani. Nikatazama chini. Lori. Limesimama mbele ya ghala, nyuma limejaa, turubai limevimba.

Nilikaa pale. Njia ya mbele ilikuwa inashuka vizuri, upande wa kivuko, kivuli tupu. Honi ikapigwa tena. Na ng'ambo nikaona watu wametoka, wanakusanyika kwenye waya, mmoja anapepea kitambaa cheupe. Nyeupe ni vuta. Nani avute? Hakuna mtu. Unga walikuwa hawana. Nilijua nani ana wazee ndani, nani ana mapacha, maana mimi ndiye ninayesoma oda zao.

Niliteremka nikikimbia. Nilianguka mara moja, goti limechubuka.

Dereva alikuwa keshawasha injini ageuze. Akaniuliza nilikuwa wapi. Kuoga, nikamjibu. Akanitazama miguu yangu yenye vumbi, akazima injini, akaanza kushusha. Anasema tajiri alikodi lori jingine, akaona watu wasife njaa. Mtu mwema, tajiri. Mungu amlipe.

Tumevusha mpaka giza. Biskuti nimeweka.

Jumapili, 14 Julai

Mvua milimani. Mawe meusi yamezama.

Alhamisi, 25 Julai

Lori limekuja na kuondoka. Sina cha kuandika.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimefanya jambo. Au nilitaka kulifanya.

Nilikuwa napima gunia, mkono unalijua gunia siku hizi bila mzani, na wazo likaja lenyewe: Chiriku hafiki hata nusu ya hili. Sanduku lina kingo ndefu. Ukimfunga kwa kanga, ukamtandikia mablanketi, ukaweka na mawe mawili ya uzito, upepo ukiwa umetulia asubuhi — mbona mayai yanavuka salama? Mayai! Nikaandika kikaratasi. Mdogo wangu, nitumie mwanangu. Nikakivusha na chumvi.

Walikaa muda mrefu kuliko kawaida bila kupepea kitambaa. Niliwaona wamekusanyika. Halafu sanduku likarudi na mawe na jibu.

"Dada, mtoto si gunia la unga."

Chini yake Mwenyekiti kaongeza kwa mwandiko wake wa mikutano: waya ni wa mizigo, si wa watu, naomba tusirudie.

Nilikasirika nikaona kizunguzungu. Wananifundisha mimi! Mimi ndiye nisiyejua mtoto si unga? Nimewavushia mzigo uliobaki kwa hasira, sanduku likigonga kule mwisho mpaka wakaruka. Na biskuti sikuweka. Nilizishika mkononi, nikazirudisha kwenye boksi.

Baadaye nimetoka nikaona lile sanduku linavyobembea, hata kwa upepo huu mdogo. Mungu wangu. Mdogo wangu ana akili kuliko mimi. Ningekuwa karibu ningempigia magoti.

Alhamisi, 8 Agosti

Pakiti mbili za biskuti leo. Kikaratasi kimesema Chiriku aliuliza wiki nzima, biskuti ziko wapi?

Nimekisoma mara nyingi. Aliuliza! Halafu nikakisoma tena. Aliuliza biskuti.

Alhamisi, 22 Agosti

Lori leo limeleta mtu! Fundi, kamba za chuma, mbao, misumari ya kila aina. Daraja la kamba — la watu kwa miguu, si la magunia. Mizigo itaendelea kupita kwenye waya. Sijali. Nimemkumbatia dereva akashtuka, akajipangusa unga.

Fundi atalala ghalani, upande wa mchele. Mimi upande wa sabuni. Nimempikia, nikamkaribisha barazani, nikakaa tayari. Nikamuuliza safari. "Nzuri." Kwao wapi? "Mbali." Daraja litachukua muda gani? Akatazama korongo, akatafuna, akameza.

"Itategemea."

Nimeomba mtu wa kuzungumza naye mwaka mzima, nimeletewa bubu.

Jumapili, 1 Septemba

Kamba ya kwanza imevuka. Imevushwa na sanduku langu, na mimi ndiye niliyezungusha. Fundi akasema "vizuri". Hiyo ni hotuba kwake.

Nimeshona gauni dogo kwa mfuko wa unga uliochakaa, ule wenye maua. Nimelishona kubwa. Safari hii sibahatishi — likimzidi litamsubiri.

Nafanya mazoezi. Aibu kuandika, lakini nani atasoma? Nasimama mlangoni nasema, njoo kwa mama. Nasema polepole, halafu kwa sauti ya kawaida. Paka anakuja kila mara.

Jumamosi, 14 Septemba

Limefunguliwa leo asubuhi.

Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti, anatembea kama mtu aliyekalia msumari, ameshika kamba zote mbili. Wakafuata wengine. Wamekuwa wafupi! Au mimi nimezoea kuwaona kutoka mbali, nikawakuza. Wote wananikumbatia, Mama Duka tumekukumbuka, Mama Duka umekonda, wanaingia ghalani wanashika kila kitu, wanaangalia winchi, wanaenda kukanyaga barabara ya lori kwa ajili ya kuikanyaga tu. Nilikuwa nawajibu huku nimekodolea macho daraja.

Mdogo wangu alitokea wa mwisho. Chiriku mgongoni, kichwa kimefunikwa asione chini. Akamshusha penye ardhi ngumu. Mguu ule! Sikuwa nimeukosea kidogo, nimeukosea sana. Ana shingo ndefu ya baba yake. Nilipiga magoti palepale kwenye changarawe, na maneno yangu yote ya mazoezi yakatoroka.

Alinitazama. Akamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akamsukuma mgongoni kidogo, msalimie, msalimie. Akaja mpaka karibu, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, akanigusa mkono kwa vidole.

"Shikamoo, Mama Duka."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, wakaacha kucheka.

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini? Salamu haikataliwi.

Jumapili, 15 Septemba

Wamelala hapa, wote wawili kitandani kwangu, mimi juu ya magunia; fundi siku hizi analala ng'ambo. Asubuhi nilisikia sauti yake kabla sijafumbua macho. Sauti nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Sikuwahi kuifikiria hivyo. Alikuwa anasema, mama, amka, mama. Nikainuka. Alikuwa anamwamsha mdogo wangu.

Tulikuwa tunachambua mchele nje ndipo mdogo wangu alipoanza kulia bila kuacha kuchambua. Anasema alimwambia mtoto. Kila siku alimwonyesha huku, yule ni mama yako, yule pale. Lakini sanduku likifika watoto wote wanapiga kelele Mama Duka kaleta, Mama Duka kaleta! Na anayepakua akikuta biskuti anaziinua juu, za Chiriku hizi, kutoka kwa Mama Duka. Wiki baada ya wiki. Mtoto akaelewa alichoelewa.

"Na kuniita mama, dada, alianza mwenyewe. Anaamka ana homa, ananiita mama. Ningemfunga mdomo?"

Nikamwambia hapana.

"Sikukuibia."

Nikamwambia najua. Na najua kweli. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga hawakukosea, ila wangeweza kusema kwa upole zaidi.

Mimi ndiye niliyeziweka zile biskuti! Kila Alhamisi, juu kabisa, ili anikumbuke. Akanikumbuka. Kama duka.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti, amekuja kukagua kamba na fundi. Nikamwambia naomba mtu wa zamu aje anipokee. Akakunja uso.

"Zamu? Zamu gani tena?"

Wamesahau. Nilimkumbusha, kila wiki nyumba moja. Akasema, aa, yale ya zamani. Sasa mambo yamekaa vizuri, wewe ndiye unayejua winchi, unamjua dereva, oda zote unazo kichwani. Tukibadilisha tutaharibu. Na daraja si lipo? Utakuwa unakuja kutusalimia.

Kuwasalimia. Kwangu!

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki. Amesema atapeleka suala langu kwenye kikao.

Jumanne, 17 Septemba

Gauni limemtosha. Amelivaa, amezunguka, akauliza kama ni la kununua. Nikamwambia ni lako. Akasema asante Mama Duka. Ana adabu sana. Mdogo wangu kamlea vizuri, hakuna wa kulaumiwa, na heri angekuwepo.

Tumekubaliana. Mdogo wangu atavuka kesho akamtazame mumewe na shamba, Chiriku abaki hapa kwanza, tuzoeane. Halafu tutaona nani anahamia wapi. Ni yeye aliyetoa wazo. Midomo ilimcheza akilisema.

Jumatano, 18 Septemba

Ameondoka mtoto akiwa usingizini. Tulifikiri ndiyo nafuu.

Chiriku ameamka, amezunguka chumba, amechungulia nyuma ya magunia ya mchele, chini ya kitanda, ndani ya boksi la sabuni. Akatoka akasimama barazani. Akalia. Nilimwacha alie, nikakaa karibu. Nilijua kulia kwake, ni kulekule kwa zamani, kunaanza juu kunashuka. Kisha akaacha ghafla, akajipangusa na gauni, akaja mbele yangu, mikono nyuma.

"Mama Duka, naomba unipeleke nyumbani."

Anaomba! Angepiga teke, angeuma. Mtoto hamwombi mama yake kwa adabu namna ile. Adabu ndiyo iliyoniua.

Nikamwambia kesho tutazungumza. Amekataa chakula, amekataa biskuti. Paka ndiye aliyekubaliwa. Wamelala pamoja juu ya mifuko mitupu, na mimi nimekaa hapa ninawasikiliza wakipumua. Ni mara ya kwanza tangu mvua ile nilale chumba kimoja na mwanangu bila mtu mwingine, na sijawahi kuwa mpweke kama leo.

Alhamisi, 19 Septemba

Naandika kwa mkono mmoja, daftari litanisamehe mwandiko.

Asubuhi alikunywa uji. Nusu kikombe. Alikuwa anaokota mawe madogo mbele ya baraza, na mimi nafungua winchi, kila mmoja na kazi yake, nikawaza labda hivi ndivyo inavyoanza.

Ndipo lori lilipotokea kwenye kona.

Nilisahau. Tumesahau wote! Huyu lori analijua kwa mbali tu. Ng'ambo hakuna hata baiskeli yenye kengele. Alinyanyua kichwa akaona chuma kile kinakuja kinanguruma, vumbi nyuma, na dereva kwa furaha zake akapiga honi ndefu. Mtoto alipiga yowe. Alianza kukimbilia daraja, akasimama, akageuka, akakimbia kuja kwangu. Alinipanda! Miguu kiunoni, mikono shingoni, kucha ndani ya nyama. Nikaingia naye ndani nikakaa nyuma ya magunia, mahali hawezi kuliona.

Tupo hapa tangu hapo. Anatetemeka. Moyo wake unapiga kwenye mbavu zangu. Kila nikijaribu kuinuka anakaza, kwa hiyo nimenyoosha mkono nikachukua daftari, lililo karibu kuliko mlango.

Dereva anaita nje. Mama Duka! Upo? Nimemjibu kwa sauti ndogo nisimshtue mtoto, bila shaka hakunisikia, injini inaunguruma. Kupitia dirishani naiona ng'ambo. Wamejipanga kwenye waya, Mwenyekiti mwenyewe anapepea kitambaa cheupe. Leo kuna unga, na ile sukari dereva aliyoahidi pia, nililiona turubai lilivyovimba. Fundi yuko chini ya daraja anakaza kamba, hatoki. Ng'ambo wangeweza kumtuma mtu avuke. Hajavuka mtu. Wanangoja nivute, kama siku zote.

Honi tena. Ameficha uso kwapani mwangu. Hajaniita jina lolote.

Dereva amegonga mlango. Anasema saa zinakwenda, anasema mimi namjua tajiri wake, anasema anahesabu mpaka kumi kisha anageuza. Namsikia anahesabu, kwa sauti, kama mchezo. Sita. Saba.

Sijainuka.